Sinia Lililorudi Halijafunuliwa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila ninaponusa wali wa nazi ukikauka jikoni. Ni siku ya jua kali, mikono yangu ina udongo hadi kwenye viwiko, na mbele yangu amesimama mwanamke mwenye sinia kichwani, kawa limefunika juu. Nataka nikusimulie siku hiyo kabla hujapanda boti ya kwenda kujenga.

Najua utacheka. Utasema mama mdogo amejifanya bibi. Miaka tuliyopishana mimi nawe si mingi, na bado unakumbuka nilivyokuwa nikikunyang'anya vitumbua. Lakini mtoto wa dada ni mwana, hata mama yako alilikubali hilo kila alipotaka nikae nawe ili yeye aende harusini, kwa hiyo leo natumia haki yangu. Uliponipigia simu kuniambia kwamba umejitolea na wenzako kwenda kuwajengea watu nyumba, uliniuliza ubebe nini. Nikakutumia ujumbe mrefu wa sauti kuhusu viatu, glavu, dawa ya tumbo, kofia, na namna ya kukunja shuka lisipate mchanga. Ulinijibu kwa kicheko tu. Baadaye nikatambua kwamba katika maneno yote yale sikukwambia lile moja lenye maana. Ndiyo sababu naandika.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kurudi kwetu Langoni, mjini Amu, nakaa chumba cha juu nikituma maombi ya kazi. Kila ombi nikilituma lilinikaa moyoni. Nimejisifu mno? Nimejisifu kidogo mno? Salamu ile ya mwisho haikuwa ya kitoto? Bibi yako alichoka nami. Alisema nyumba imejaa mawazo yangu hadi hakuna pa kuanika nguo. Jirani yetu alipotaja kwamba kuna kundi la vijana linakwenda Siyu, kijiji cha kisiwa cha jirani, kuwajengea watu ambao nyumba zao zimeharibiwa na mvua, bibi yako ndiye aliyenijibia. "Huyu anakwenda," akasema. Mimi sikuwa nimefungua mdomo.

Kundi letu lilikuwa dogo. Baadhi yetu tulikuwa watoto wa Amu, wengine walitoka bara, na aliyetuongoza alikuwa Mutua, mwalimu kijana wa kutoka Machakos aliyekuwa akifundisha Amu. Mutua ni mtu wa sauti ya chini na kazi nyingi. Hakuwa na kelele wala majivuno, na ukimsikia akisema "jamani" ujue amekasirika sana. Tulikwenda kwa boti hadi pale maji yalipokubali, tukashuka, tukashika njia ya miguu kati ya minazi huku kila mtu na mzigo wake. Tulilala shuleni, wasichana darasa hili na wavulana lile, na fundi mmoja wa kulipwa akawa ndiye anayetuelekeza kazi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Bi Zuhura. Alikuwa mjane wa makamo, mwembamba, mwenye macho ya mtu anayekusikiliza hata unaponyamaza. Masika iliyotangulia ukuta wake wa upande wa kisima ulilainika ukaanguka, na paa likaufuata. Tangu hapo yeye, binti yake na wajukuu walikuwa wamebanana katika ghala la jamaa ya marehemu mumewe, kati ya magunia na nyavu kuukuu. Aliulizwa anataka nyumba gani, akasema mawe na udongo kama ile ya kwanza, na juu makuti. Mabati hakuyataka. Alisema yanampikia watu ndani na yanaliwa na chumvi.

Siku ya kwanza ya kazi tulichimba msingi. Watu wa mtaa walitusaidia bila kuambiwa. Wanaume walileta mawe, wanawake wakateka maji ya kukandia udongo, na mzee mmoja, Bwana Shee, jirani wa ukuta mmoja na Bi Zuhura, alikaa barazani kwake akitupa maneno. Nilipoinua sururu aliniuliza kama chuoni nilisomea kutia mashimo hewani. Watu walicheka, nami nikacheka, ingawa nililiwaza neno lile hadi jua likazama.

Adhuhuri ilipofika, Bi Zuhura akaja na sinia kichwani. Lilikuwa sinia kubwa, limefunikwa kwa kawa jipya lenye ukili wa rangi ya zambarau. Harufu ya wali wa nazi na samaki wa kupaka ilifika kabla yake. Akalitua juu ya jiwe kwa upole, akasema, "Wanangu, nawaeni mikono."

Sasa elewa jambo hili. Kundi letu lilikuwa na kanuni yake, kwamba mtu anayejengewa asilemewe. Tubebe chakula chetu, tupike wenyewe, tusimpunguzie mwenye shida hata tonge. Ni kanuni ya huruma, na walioiweka walikuwa na nia njema. Mutua akainuka, akajipangusa mikono, akamshukuru kwa adabu. Akamwambia, "Mama, Mungu akubariki, lakini sisi tumekuja na chakula. Hiki wape wajukuu."

Bi Zuhura akaniangalia mimi. Alijua kwetu ni Amu, alinisikia ninavyosema. Na mimi, mwanangu, nilijua. Hakuna mtoto wa visiwa hivi asiyejua kwamba watu wakija kukushika mkono katika ujenzi, wewe unawapikia, na kwamba kile chakula si malipo wala si karamu. Ndicho kinachofanya kazi iwe yako. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu, lakini kichwa changu kikaanza safari zake. Nikamtazama alivyokonda. Nikawaza mchele ule wa sinia zima ungewalisha wajukuu siku ngapi. Nikawaza labda amekopa. Nikawaza nikila mimi na wenzangu wasile itakuwaje, na nikimpinga Mutua mbele ya watu itakuwaje. Hata nilipomaliza kuwaza, nikajikuta nimesema kwa sauti laini ya mtu anayejiona mwema, "Bi Zuhura, usijisumbue. Wape watoto."

"Haya, mama," akasema. Akajitwika sinia lake, kawa likiwa vilevile, akarudi nalo alikotoka.

Kesho yake akaja tena. Safari hii ilikuwa mikate ya mofa na mchuzi wa kamba. Tukamjibu vilevile, tena kwa tabasamu kubwa zaidi ili asivunjike moyo. Baada ya hapo hakuja.

Hakuja na chakula, wala hakuja kutazama kazi. Maji tukawa tunateka wenyewe. Mawe yakapungua, tukayafuata wenyewe. Salamu tulijibiwa, tena vizuri, lakini kila mtu alikuwa ana haraka ya kwenda mahali. Bwana Shee akaendelea kukaa barazani, ila maneno yake yakakoma, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Kuta zikapanda. Udongo tuliukandika ukanyooka, boriti zikawekwa, milango ikapata nafasi zake. Ikabaki kuezeka. Makuti yalikuwa tayari, yamepangwa chini ya mnazi, na fundi akasema wazi kwamba paa lile haliwezi kuezekwa na kundi letu. Linahitaji wanaume wengi wanaojua kufunga, waanze asubuhi wamalize siku hiyohiyo. Tukatangaza siku. Tukaamka mapema, tukapanga kamba, tukasubiri. Hakuja mtu hata mmoja.

Upande wa bara mawingu yalikuwa yameanza kukaa. Wewe umezaliwa mjini kwenye nyumba ya mawe na chokaa, labda hujui: ukuta wa udongo usio na paa ukinyeshewa mvua moja kubwa, hurudi kuwa udongo. Masika ilikuwa mlangoni. Kazi yetu yote, na nyumba ya mtu, ilikuwa imesimama pale uchi.

Mutua akanivuta kando. "Rukia," akasema, "wewe ndiye mwenyeji. Kuna kitu tumekosea. Nenda uulize."

Mwanangu, kumtuma mtu kama mimi akatafute kosa ni kumtuma mbuzi akalinde shamba la mahindi. Niliyapata makosa mengi mno. Nikakumbuka tulipiga muziki siku moja na adhana ilikuwa karibu. Nikakumbuka suruali yangu iliyoonekana chini ya gauni langu la dira. Nikakumbuka mwenzetu mmoja wa bara alimsalimu imamu kwa kumpungia koleo. Nikakumbuka niliinua mguu nikavuka kamba badala ya kuizunguka, na labda huko Siyu hiyo ina maana yake. Nikaanza kupita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Watu walinitazama kwa huruma. Mama mmoja alinishika paji la uso kuangalia kama nina homa.

Mwisho nikafika barazani kwa Bwana Shee. Nikamwambia tunaomba radhi kwa ule muziki.

"Muziki?" akasema. "Ulikuwa mbaya, hilo kweli. Lakini mimi nina masikio haya tangu zamani, yamesikia mabaya zaidi."

Nikamuuliza basi ni nini, mbona watu hawakuja kuezeka.

Akaendelea kushona ndara ya ngozi aliyokuwa ameishika, akaikata uzi kwa meno. "Sisi hatukuitwa," akasema.

"Tulitangaza, Bwana Shee. Tulipita hapa hapa."

"Mlitangaza nyinyi. Nyumba ni yenu?"

Akanionyesha kwa kidevu upande wa lile ghala. "Kamuulize mwenyewe."

Nilimkuta Bi Zuhura amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, binti yake akichagua mbaazi pembeni. Akanikaribisha, nikakaa mkekani. Tukaulizana hali, yangu, yake, ya bibi yako ambaye yeye hamjui, ya wajukuu. Kisha akaendelea kukuna. Nikagundua kitu kilichonifanya nitamani ardhi inimeze: ilikuwa mara ya kwanza katika kisiwa kile kukaa kwenye mkeka wa mtu nisipewe hata kikombe cha kahawa.

Akaliona wazo langu likipita. "Sikukupa kahawa," akasema, "kwa kuwa najua huli vyangu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anavyokwambia kwamba chumvi imekwisha.

Nikaanza kujieleza. Nikamwambia tulihofia kummaliza, tulitaka wajukuu wale, kwamba ilikuwa kwa ajili yake. Akaniacha niseme hadi maneno yaliponiishia, akakung'uta nazi kwenye mbuzi.

"Mlisema nyinyi kwa nyinyi," akasema. "Mimi mliniuliza?"

Akachukua nazi nyingine.

"Nazi za siku ile alitoa Shee, hapo barazani. Samaki alitoa mke wa Bakari, mumewe alitoka kuvua asubuhi ile. Kuni za jirani wa nyuma. Mimi nilitoa mtele wa wali, na mtele wangu ulikuwapo, sikuwa na ndaa ya kuonewa huruma. Mtaa mzima ulikuwa ndani ya sinia lile. Mkalirudisha halijafunuliwa. Nami nikapita nalo ndiani, mbele ya milango yao, wote wamekaa wananitizama, kila mmoja anajua alichotia. Nikadhani hamkuelewa, nikapika tena kesho yake. Nikapita nalo tena."

Binti yake alikuwa ameacha kuchagua mbaazi.

"Basi sasa niwaite vipi waje waezeke?" akaendelea. "Niwaambie ndooni kwangu mfanye kazi, lakini pakitengwa sinia wageni watakaa kando na mikate yao ya mfuko? Mimi nyumba ile nimeizunguka mkiwa hampo. Nimezigusa kuta. Nzuri. Lakini nikiingia vile, nitakuwa mgeni wenu mle mpaka nife. Kama ndivyo, mpeni mwingine mwenye shida kuliko yangu. Mimi ghala hili nimelizoea."

Aliyasema hayo ya mwisho polepole, akiangalia nazi na si mimi, na nikajua hatanii. Nyumba ingebaki bila paa, kisha bila kuta, na yeye angebaki katikati ya zile nyavu. Si kwa sababu mtu yeyote alimchukia. Ni kwa sababu sote tulimhurumia hadi tukamwondoa kwenye jambo lake mwenyewe.

Nilikuwa na radhi ndefu ya kuomba. Nilikuwa nimeitengeneza njiani, ina mwanzo na mwisho. Nilipofungua mdomo nikaona haifai. Radhi ile ingekuwa sinia jingine la kumpa yeye alibebe. Nikamuuliza tu, "Bi Zuhura, kuna chochote nile sasa hivi?"

Akanitazama sana. Kisha ukingo wa mdomo ukamcheza. "Yana usiku ulibaki ukoko," akasema. "Utaweza?"

"Nipe."

Binti yake akainuka akaniletea sufuria yenyewe, ukoko umeshika chini, na mchuzi wa jana ukamwagiwa juu. Nikakwangua kwa mkono. Ulikuwa mgumu kidogo, una moshi, una nazi, na wallahi sijala kitu kitamu namna ile tangu hapo. Nikala hadi sufuria ikalia. Bi Zuhura akawa ananitazama kama mtu anayetazama kidonda kikifungwa.

Nilipomrudishia sufuria akasema, "Na mimi ulimi nilikuwa nao. Ningeweza kusema siku ileile. Nilinyamaza nikitaka mjue wenyewe. Hilo kosa langu." Halafu akamgeukia binti yake akamwambia alete kahawa.

Nikarudi mbio kwa Mutua. Nilimkuta amekaa juu ya rundo la makuti, anaangalia mawingu. Nikamsimulia yote, nikisubiri ashangae mila hizi za pwani. Hakushangaa. Aliinamisha kichwa akakisugua kwa mikono miwili.

"Hata kwetu ni hivyo," akasema. "Tukijenga, tunaitana mwethya, na mama mwenye boma ndiye anapika. Ukikataa chakula chake, bora ungebaki nyumbani. Mamangu angelia."

"Kwa hivyo ulijua?"

"Nilijua ya kwetu. Nikafikiri labda huku ni tofauti. Tena nikakuona wewe mwenyeji ukimwambia awape watoto, nikasema basi ndivyo."

"Mimi nilisema vile kwa sababu wewe ulikuwa umeshasema."

Tukatazamana. Mimi nilikuwa namfikiria yeye, yeye alikuwa ananifikiria mimi, sote wawili tulikuwa tunamfikiria Bi Zuhura, na katika kufikiriana kote huko hakuna aliyemuuliza mwenzake neno. Mutua akaanza kucheka kile kicheko chake kisicho na sauti, mabega tu. "Jamani," akasema. Halafu akasema walioiweka kanuni wakiuliza, atajibu yeye, na kwamba kuanzia hapo tunakula.

Bi Zuhura akaita watu. Hakutangaza. Alivaa buibui lake akapita mlango kwa mlango mwenyewe, na siku iliyofuata, jua halijapanda sana, uwanja ukajaa wanaume hata sikujua mtaa ule ulikuwa na wanaume wengi hivyo. Bwana Shee akawa wa kwanza juu ya pau, amekaa miguu inaning'inia, kazi yake kubwa ikiwa ni kuwaamuru wengine.

Mutua naye akapanda. Bwana Shee akamuuliza huko kwao makuti hushonwa au hupandwa shambani.

"Kwetu tulikuwa tunaezeka nyasi, mzee," Mutua akajibu. "Na zinadumu."

"Zitakosaje kudumu," akasema Bwana Shee, "na mvua yenyewe hamna?"

Paa zima lilicheka, hata nikaogopa litaanguka.

Mimi nilikuwa jikoni na wanawake. Nilipewa mbuzi nikune nazi, nikaikuna kwa uangalifu kama mtu anayefanya mtihani, hadi mke wa Bakari akaninyang'anya akisema wanaume wataezeka nyumba ya pili kabla sijamaliza nazi ya kwanza. Nikahamishiwa kwenye kuosha sahani. Waliniuliza nimesomea nini chuoni. Nikawaambia usimamizi wa miradi. Wakaniuliza ndiyo nini. Nikaeleza, nikaongeza, nikarekebisha. Walisikiliza kwa subira, kisha mama mmoja akasema, "Basi osha na zile sufuria."

Chakula kilipoiva, masinia yalitoka moja baada ya jingine. Nilisimama mlangoni nikatazama. Wanaume walikaa kwa duara, Mutua na wavulana wetu wamechanganyika nao, magoti yamegusana. Bi Zuhura alisimama kando, hakusogea. Bwana Shee akanyoosha mkono, akafunua kawa la sinia la kwanza, mvuke ukapanda, akasema bismillahi. Nikamtazama Bi Zuhura. Alishusha pumzi, akarudi jikoni haraka kana kwamba kuna kitu kinaungua. Hakuna kilichokuwa kikiungua.

Paa likamalizika siku hiyohiyo. Mvua nayo haikukawia. Tulikuwa bado tupo tunasawazisha uwanja wa mbele, ilipoanza kama mtu anayemwaga mchele juu ya makuti, kisha ikamwaga gunia zima. Tukakimbilia chini ya upenu wa nyumba ile. Tulisimama nje ya mlango, tumebanana, hakuna aliyevuka kizingiti. Bi Zuhura alikuwa ameshaingia na wajukuu wake. Tukamsikia ndani akitembea chumba hadi chumba, akitazama juu. Halafu tukasikia sauti ya tone likigonga sufuria.

"Linavuja wapi?" Bwana Shee akauliza kutoka nyuma yetu.

"Hapa kwenye kona," Bi Zuhura akajibu.

"Hapo ndipo alipokaa mwalimu."

Mutua hata hakujitetea. Bi Zuhura akaja mlangoni, amejitanda khanga, akatutazama tulivyolowa. Nyumba ile tuliinyanyua kwa mikono yetu, tulijua kila jiwe lake. Lakini alituangalia kama watu wanaofika mahali kwa mara ya kwanza.

"Karibuni kwangu," akasema. "Vueni viatu, msinichafulie."

Tukavua viatu, mwanangu, tukaingia.

Hayo ndiyo yangu. Sasa sikiliza ninachokuomba.

Utakapofika huko, utawaona watu wana kidogo, na moyo utakuuma. Uache uume, ni mzuri huo. Lakini usiufanye moyo wako ndio unaojua mwenzio anataka nini. Muulize. Muulize siku ya kwanza, hata kama swali linakutia haya, hata kama unahofia kuonekana mjinga. Mimi nimewaza kwa niaba ya watu wengi maishani mwangu, na karibu kila mara nilikuwa nikizungumza na nafsi yangu tu. Swali moja fupi lingetupunguzia masinia mawili ya aibu na paa lililosubiri mvua.

Na ukiletewa chakula, nawa mikono ule. Ukiletewa kikombe cha maji, pokea kwa mikono miwili. Ukiona kanuni ya kundi lenu inakuzuia, mwambie kiongozi wenu mapema, kwa adabu, kabla sinia halijarudi. Usimnyime mtu nafasi ya kukupa. Anayejengewa nyumba amekwisha kukubali mengi: amekubali shida yake ionekane, amekubali wageni waguse mawe yake. Mwachie alichonacho cha kutoa akitoe, na wewe kipokee kama haki yake, maana ni haki yake.

Usiogope kukosea. Utakosea. Mimi bado ninakosea, na barua hii yenyewe nimeifuta na kuiandika upya hata karatasi imechoka nami. Ukikosea, tafuta aliye karibu na kosa lako, ukae mkekani kwake, na kama kuna ukoko, ule.

Nuru mwanangu, Mwenyezi Mungu akupeleke salama na akurudishe salama. Akupe mikono isiyochoka upesi, na masikio yanayotangulia ulimi. Akujaalie ule vya watu kwa furaha, nao wavikumbuke kwa furaha. Na kila nyumba utakayoisaidia kusimama, akulipe kwa hili: mwenyewe aje mlangoni akukaribishe, akwambie uvue viatu usimchafulie.